Koti la Hamadi na Mzinga wa Mkwajuni

Siku hizi anayekuja kununua mahamri haniulizi tena kama ni ya moto. Ananiuliza, "Rehema, ni kweli mlikimbizwa?" Mmoja kasikia tulilala porini, mwengine kasikia Bi Mishi kaolewa na dereva. Mimi mkono mmoja uko kwenye unga na mwengine kwenye karai la mafuta, siwezi kusimulia jambo moja kutwa nzima. Basi nimeliandika. Anayetaka kusoma asome hapa hapa barazani, na anawe mikono kwanza.

Kwa asiyemjua marehemu Mzee Hamadi, yeye ndiye aliyekuwa mwenye duka hili la Utange ambalo mbele yake nakaanga mahamri tangu miaka ya themanini, wakati mikorosho ilikuwa mingi hapa kuliko nyumba. Aliuza sukari, mafuta ya taa na sabuni kama wenye maduka wote. Lakini alizaliwa msituni, ng'ambo ya Kwale, na msitu haukumtoka. Nyuma ya kaunta alikuwa na kamba za mitego, panga na makopo ya asali. Alikuwa akitazama chini na kukwambia ni mbuzi wa nani aliyepita na kama anachechemea. Ndoo zetu zilipozama kisimani alizitoa kwa kulabu aliyoitengeneza kwa vyuma vya mwavuli mbovu, kisha akatuuzia kamba mpya.

Kila baada ya miezi kadhaa alifunga duka akaenda kwao kurina asali. Mkewe, Bi Mishi, hakumchukua hata safari moja. Tena usiku wa kabla ya kuondoka alikuwa akilala dukani, juu ya magunia. Sisi sote tulisema ni miko, maana warina asali wana mambo yao. Lakini mimi ni shoga yake Bi Mishi, na najua lilimuuma. Yeye ni mtoto wa Likoni, kalelewa na maji ya mfereji na taa ya umeme. Alidhani mumewe anaona haya kuwaonyesha watu wake mke asiyejua mgunga wala mkwaju.

Mzee Hamadi alifariki, Mungu amrehemu, na Bi Mishi akakaa eda. Alipokuwa akikaribia kutoka, Mwinyi, mpwa wa marehemu, akaleta salamu kutoka kijijini: ule mkwaju wenye mzinga wa mjomba utakatwa, kwa kuwa msikiti unapanuliwa. Asipotokea mtu wa kuuhamisha mzinga, nyuki watachomwa moto. Mizinga mingine Mzee alikuwa ameshaigawa. Huu ndio aliokuwa nao kabla hajaoa.

"Naenda kuuchukua mwenyewe," Bi Mishi akaniambia. "Na nataka nipaone hapo mahali alipokuwa akinificha."

Hapo nikajua kwamba safari hii haikuwa ya asali tu.

Utange mpaka feri

Tulikodi pikapu ya Njoroge, kijana wa bara anayekaa Changamwe, karibu na uwanja wa ndege. Ni mpole, na ana mtindo wa kuitikia "ndiyo, mama" kila anaposemeshwa na mwanamke mtu mzima, kasikia au hakusikia. Shikeni hilo, mtalihitaji mbele.

Bi Mishi alitoka nyumbani kama bibi harusi. Tulikuwa tumemtoa eda juzi yake. Tulimwogesha, tukamfukiza udi, na mimi mwenyewe nikampaka halud shingoni, nyuma ya masikio, mpaka kwenye pindo za buibui. Mwanamke aliyekaa muda wote ule bila manukato ana haki ya kunukia, na mimi sina mkono mdogo. Asubuhi ya safari nikampaka tena. Njoroge aliteremsha vioo vyote vya gari.

Pamoja na zawadi za mawifi, yaani sukari, majani ya chai na mche mzima wa sabuni, Bi Mishi alikuwa na kikapu cha ukili, na ndani yake koti kuukuu la kaki. Lilikuwa koti la Mzee Hamadi la kuendea porini. Lilikuwa gumu kwa nta, limejaa moshi, na kwapa zake sizisemi. Muda wote wa eda nilimwomba nilifue, naye alikataa. Usiku alikuwa akilinusa, akidhani sijui.

"Shoga, koti hili wampelekea nani?" nikamuuliza.

"Simpelekei mtu. Lakwenda kwao."

Feri moja ilikuwa imeharibika siku hiyo, kwa hiyo foleni ya magari ilipanda kilima. Mimi sikusononeka. Panapo foleni pana chakula. Nilikula mihogo ya kukaanga yenye ndimu na pilipili, nikala bajia, nikanunua mabuyu ya njiani. Njoroge, jua lilipomzidi, akanunua kofia ya kitambaa nyeupe iliyotariziwa, kwa sababu ilikuwa ndiyo kofia ya karibu. Ikamkaa vizuri ajabu. Nikamwambia hivyo, naye akasema, "Ndiyo, mama."

Likoni mpaka mlima wa Kwale

Likoni Bi Mishi alitaka tupite kwao tukasalimie, na kwao hakupitwi bila kula. Tukala wali wa nazi na samaki wa kupaka, tukaswali adhuhuri, tukaondoka wazito. Pale Kombani tuliacha barabara kuu tukaanza kupanda kuelekea Kwale. Upepo ulikuwa mzuri na mimi nilishaanza kusinzia, mara tukasikia kishindo chini ya gari, na baada ya muda harufu ya petroli ikaishinda hata halud.

Njoroge akashuka, akachungulia uvunguni, akatoka kashika kichwa. "Jiwe limetoboa tangi. Mafuta yote inaenda. Hapa tumekwama, mamangu."

Tulikaa kando ya njia tukiangalia petroli yetu ikinywewa na mchanga. Akapita mtu na baiskeli, kafunga madumu ya tembo la mnazi nyuma, akasimama kututazama kwa raha, kama mtu aliyelipia kiti. Ndipo Bi Mishi akainuka ghafla, akafungua zawadi za mawifi na kutoa mche wa sabuni.

"Kata kipande," akamwambia Njoroge. "Ukifinyange mpaka kiwe laini, ukisugue pale penye tundu, ukikandike. Usitie maji."

"Sabuni, mama?"

"Sabuni. Hamadi aliwafanyia hivyo watu wa lori la korosho, mbele ya duka letu. Hakutia kitu chengine, nao walifika."

Mimi nilikuwepo siku hiyo ya lori, na ninachokumbuka ni kwamba lile lori lilinunua mahamri yangu yote. Ya sabuni sikuyaangalia. Bi Mishi aliyaangalia. Njoroge akalala chali uvunguni akafinyanga na kukandika, na petroli ikaacha kutiririka, ikawa inatoa tone, kisha hata tone likakoma. Petroli haiyeyushi sabuni, na mwenye duka mwenye akili alilijua hilo kabla ya fundi.

Yule wa baiskeli akauliza, "Hamadi gani huyo mumtajaye? Hamadi wa mkwajuni?"

"Ndiye," akasema Bi Mishi. "Ni marehemu mume wangu."

Mtu yule akashuka kwenye baiskeli, akavua kofia. Alitupa pole kama inavyopasa, kisha akatusimulia jinsi ng'ombe wake walivyopotea mwaka wa kiangazi, na Hamadi akawafuata kutwa nzima kwa kutazama majani yaliyotafunwa tu. Akampikia chai njiani ndani ya kifuu cha nazi, kwa mawe yaliyotiwa moto, kwa kuwa sufuria hawakuwa nayo.

"Chai ilikuwa na jivu," akasema, "lakini sukari alikuwa nayo mfukoni. Hatembei bila sukari yule."

Bi Mishi alicheka, nami nikafurahi, maana nilikuwa sijamsikia akicheka muda mrefu. Halafu akaniambia polepole, "Umeona, Rehema. Hata mgema wa njiani ametembea naye. Mimi sikutembea naye."

Nikampa mabuyu.

Mkwajuni, kwa wifi

Tuliongeza petroli hapo Kwale, tukaingia kijijini alasiri, tukiwa wekundu kwa vumbi la njia ya Kinango. Wifi yake, Bi Nimejuma, dada mkubwa wa marehemu, alitupokea mlangoni. Bi Mishi alimwamkia shikamoo na kumbusu mkono, wakalia kidogo, wakanyamazishana. Kisha macho ya Bi Nimejuma yakahama kwa Njoroge, na kwenye ile kofia.

Kwa nini asifikirie alivyofikiria? Wifi yake katoka eda juzi, kaja ananukia kijiji kizima, kaletwa na mwanamume kijana mwenye kofia nzuri. Kuku akashikwa saa ile ile. Njoroge akakalishwa kwenye kiti cha pekee chenye mgongo, na Bi Nimejuma akakaa mkabala naye juu ya mkeka. Mimi nilikuwa nakuna nazi pembeni nikisikia yote. Kusema kweli nilichelewa kuingilia kati, kwa sababu lilikuwa linanoga.

"Karibu, mwanangu. Wewe ndiye uliyemleta?"

"Ndiyo, mama."

"Na umeridhika?"

"Ndiyo, mama."

"Hukuona ni mapema mno?"

"Tulichelewa kwa feri, mama, na tena hapo kwa mlima. Ilikuwa tufike mapema zaidi."

Bi Nimejuma akavuta pumzi. "Na wataka kuondoka naye lini?"

"Kesho asubuhi, mama. Kabla jua likuwe kali."

"Loo. Na wewe huna mke?"

"Niko naye. Ako Changamwe na watoto."

"Anajua?"

"Anajua, mama. Ndiye alinipakia chai."

Hapo Bi Nimejuma akanijia pale pembeni na kuninong'oneza kwa huzuni kwamba kijana ni mkweli, hana budi kumkubali, lakini kaburi la ndugu yake halijakauka. Nilicheka mpaka mbuzi ya kukunia ikapinduka nami. Nilipomweleza kwamba huyo ni dereva, na kofia ni ya jua, naye alicheka akafuta machozi kwa leso. Kuku hakurudishwa bandani lakini. Tulimla kwa wali, na paja akapewa Njoroge vile vile, kwa kuwa alikuwa ameshatajiwa.

Kabla hatujanawa mikono, Bi Mishi alisema anataka kuuona mzinga huku bado kuna mwanga. Mwinyi akatupeleka. Mkwaju ule umesimama nyuma ya msikiti, na mzinga ulikuwa kwenye tawi la chini, gogo nene lililochimbwa ndani, limezibwa kwa vibao. Bi Mishi akatangulia taratibu, kama anayeingia nyumba ya mtu.

Hakufika. Nyuki mmoja alimjia, kisha watano, kisha nikasikia sauti kama ya maji yanayochemka, nikajua hapa hapana shoga wala wifi. Nilikimbia. Sina umbo la kukimbia, lakini nilimpita Mwinyi. Niliingia kwenye banda la kuku na kufunga mlango, kuku wakashangaa. Njoroge alikuwa garini kapandisha vile vioo alivyoviteremsha asubuhi. Bi Mishi alikimbilia jikoni kwenye moshi, na alipotoka alikuwa na jicho moja lililofumba na mdomo wa juu uliotangulia mbele.

Alikaa kwenye kizingiti akalia. Wala haikuwa kwa ajili ya sindano za nyuki. "Mwaona," akasema. "Hata nyuki wake hawanitaki. Alijua. Ndiyo maana hakunileta."

Mwinyi akasema kwa upole kwamba labda tuwaache, na kesho kutwa wakata miti wanakuja na moto wao. Mimi, nikiwa bado na manyoya kichwani, niliona kwamba safari imekwisha.

Bi Nimejuma alimwinamia kumpaka jivu usoni, akasita, akamnusa shingo. "Mishi, umejipaka nini?"

"Halud."

"Wajipaka kila siku?"

"Tangu nilipoolewa. Isipokuwa eda."

Bi Nimejuma akaketi chini kabisa, akaanza kutikisa kichwa. "Kumbe ndiyo hii. Sikiza, mwanangu. Nyuki hawapatani na manukato hata kidogo, wakiyasikia ni vita. Nami nilimuuliza Hamadi si mara moja: mkeo mbona humleti? Akaniambia, mke wangu hujipaka halud, na nyuki hawatamvumilia. Nikamwambia, basi si umwambie asijipake. Akasema, nikimwambia ataacha, si siku hiyo tu, ataacha kabisa, kwa kuwa ataogopa kuniletea madhara. Nami natoka porini nanuka moshi, nina hamu ya kurudi kwenye harufu ile. Wallahi hivyo ndivyo alivyosema. Hata alikuwa akilala dukani siku ya mwisho ili asije nayo mwilini."

Bi Mishi alikuwa akinitazama kwa lile jicho lililobaki wazi. Nami miaka yote nimewaambia watu wa Utange kwamba ni miko ya warina asali, na nimeisema kwa uhakika wa mtu aliyekuwepo.

Tukamwogesha kwa jivu na majani, tukamsugua mpaka akalalamika, lakini halud niliyopaka mimi haitoki kwa mara moja. Jua lilikuwa linashuka, na nyuki walikuwa wanarudi ndani. Ndipo akakumbuka kikapu. Akalitoa koti la Mzee Hamadi, gumu, jeusi kwa moshi, akalivaa juu ya leso, akalifunga mpaka kidevuni. Mikono yake ikapotelea ndani ya mikono ya koti. Mwinyi akamwashia makumbi ya nazi yafuke, akampa.

"Nenda polepole," akamwambia. "Mjomba alikuwa akiwasalimu kwanza."

Akaenda. Mimi nilibaki karibu na banda langu. Nilimsikia akisema, "Asalaam aleikum," kwa sauti ile ile anayowasalimia nayo wateja wa asubuhi. Nyuki wachache walimjia, wakazunguka, wakatua kwenye koti, wakatembea juu yake kama watu waliorudi nyumbani wakakuta mlango uko palepale. Akafukiza moshi, akaziba tundu kwa kitambaa na udongo, bila haraka. Wakati Mwinyi na Njoroge walipopanda kuzifungua kamba za mzinga, ndani mlikuwa na mngurumo tu. Adhana ya magharibi ikaita, naye bado kaweka kiganja juu ya gogo.

Kurudi

Tuliondoka alfajiri baada ya swala, mzinga umefungwa kwa magunia nyuma ya pikapu, na Bi Nimejuma ametutilia mhogo, embe bichi na kuku wa pili, safari hii bila mashaka yoyote. Njoroge aliendesha kama aliyebeba mayai. Kila shimo alisema, "Pole," na sikujua anawaambia nyuki au sisi.

Feri ilikuwa na foleni vile vile. Mwanamume mmoja wa kupanga magari alikuja akagonga gunia kwa kifimbo na kuuliza tumebeba nini.

"Weka sikio, mwanangu," akasema Bi Mishi, ambaye mdomo ulikuwa haujarudi mahali pake.

Akaweka sikio. Akalitoa. Akatuashiria tupite mbele ya magari yote, tena kwa adabu, na ndani ya feri tulipata nafasi ambayo hata msafara wa harusi haupati. Watu walikaa upande mmoja, sisi na nyuki wetu upande wa pili, nami nikala mhogo wangu kwa raha.

Utange tuliutundika mzinga kwenye mkorosho wa nyuma ya duka, na jioni Bi Mishi akauzibua. Sasa yakabaki ya kungoja. Mwinyi alituonya: nyuki waliohamishwa huweza kukaa, na huweza kuamka siku moja wakaondoka wote, na hapo hakuna wa kuwazuia. Bi Mishi hakuuza vizuri siku zile. Mtu alitaka chumvi akapewa majani ya chai. Kila mara alikuwa akienda nyuma, koti mwilini, na kurudi kwenye kaunta.

Asubuhi moja aliniita. Nikaenda, kwa mbali. Nyuki walikuwa wakiingia mzingani mmoja mmoja, na miguu yao ilikuwa ya manjano kwa unga wa maua ya mikorosho yetu. Hata mimi nisiyejua kitu nilielewa. Anayeleta posho nyumbani hana nia ya kuhama.

Basi hivyo ndivyo ilivyokuwa, na hakuna aliyeolewa. Halud hajaacha. Anajipaka kila siku kama zamani, na akitaka kwenda nyuma ya duka anavaa koti juu yake.

Juzi nililiona limetundikwa msumarini, lina udongo wa mkwajuni, masizi na asali iliyomwagika, nikasema leo ni leo. Nikatia sabuni kwenye ndoo, nikalitungua. Bi Mishi akatoka nyuma ya kaunta, akalichukua mikononi mwangu, akaweka uso kwenye kola na kuvuta pumzi ndefu.

"Usilifue, Rehema," akasema, akalirudisha msumarini. "Zamani lilikuwa lanuka yeye peke yake. Sasa tumo sote wawili."